Mwanza: jiwe la bure, nyumba ya gharama

Dalali wa kiwanja cha mlimani Mwanza hana maneno mengi: hapa unaliona ziwa. Asichokitaja ni mahali lori linapoishia.

Hesabu ya ujenzi huanzia hapo. Iwe ni mlima wa Isamilo, Bugando, Mabatini au Igogo, mchanga, saruji, nondo na hata maji ya zege hushushwa barabarani, kisha hupandishwa kwa vichwa na mabega. Kila mfuko una bei mbili, ya dukani na ya kupandisha, ndiyo maana fundi mzoefu huikagua njia kabla ya kiwanja.

Kisichodai nauli ni jiwe. Majabali ya itale ya Mwanza, yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5, yamejaa kiwanjani. Hupasuliwa kwa nyundo, patasi na pengine moto, yakawa mawe ya msingi. Mabaki huishia kwa kina mama wagonga kokoto. Kisheria mawe ya ujenzi ni madini, na anayeyachimba kibiashara anatakiwa kuwa na leseni.

Kinachomaliza fedha zaidi ni kulazimisha mlima uwe tambarare. Mtu ameipenda ramani ya nyumba ya Dar es Salaam, basi anakata mteremko ili ramani ikae, halafu anajenga ukuta mrefu wa kuzuia udongo ambao hautampa hata chumba kimoja. Msanifu anayeujua mji huu hushuka na mteremko: sebule chini, vyumba ngazi ya juu, jabali likiachwa liwe sehemu ya ukuta au baraza. Mtindo huo huuzwa kama usanifu wa kisasa, ingawa wakazi wa kipato cha chini wamelifanya jabali ukuta wa nyuma miaka mingi, kwa kuwa hela ya kulivunja haikuwepo. Chumba cha kulala tu kisiegemee jabali linalopigwa na jua la magharibi, maana hutema joto usiku. Na udongo unaolishikilia usiguswe kabisa. Masika ikiukuta umelegea, jabali litashuka.

Halafu kuna choo, kitu ambacho picha za matangazo hazionyeshi. Shimo halichimbiki kwenye itale, na majitaka ya wa juu hufuata mteremko hadi kwa wa chini. Katika baadhi ya milima, mamlaka ya maji, MWAUWASA, imelaza mabomba membamba ya majitaka yanayopita kati ya nyumba. Mimi ningelipia ukaribu na bomba hilo kabla ya kulipia mandhari ya ziwa.

Ajabu ni kwamba wengi wakishajenga kwa jiwe hulifunika kwa plasta na rangi. Wanaotaka lionekane ni wenye hoteli na nyumba za kifahari za upande wa Capri Point, na kazi hiyo haitaki haraka: kila jiwe lichongwe, liungane na mwenzake, saruji isichafue uso. Uashi hufundishwa kwenye vyuo vya ufundi vya VETA, lakini jicho la kuchagua jiwe hupatikana kazini, kwa kuanza kama saidia fundi. Kijana mwenye jicho hilo ana nafasi ya kupatana bei na mteja, jambo ambalo mpanga bloku hulipata kwa nadra.