Kumpeleka Mathe Makao ya Wazee Ni Kumtupa? Uliza Kwanza Nani Anashika Funguo

Jaribu kusema kwa mkutano wa familia ati mathe apelekwe makao ya wazee. Anti atakuangalia ni kama umemuuza!

Lakini tuongee ukweli. Wewe uko Nairobi, bro yuko Doha, sista yuko Boston akiosha wazee wa wenyewe. Mathe yuko ushago na msichana wa kazi mwenye hajui dawa ya presha ni gani.

Shida ni kwamba watu huchanganya makao mawili. Kuna yale ya wagonjwa, yenye manesi saa 24. Halafu kuna makao ya usaidizi: mzee ana keja yake na anasaidiwa tu penye ameshindwa, kama kuoga, kuvaa, kupika ama kukumbuka dawa.

Hii ya pili ilianzaje? Mamake Keren Brown Wilson, wa Marekani, alipigwa na stroke akiwa na miaka 55 tu, akaishia makao ya wagonjwa. Alichotaka ni kitu simpo: chumba chake, jikoni kadogo, choo na mlango wa kujifungia. Mwaka wa 1983, Keren na mumewe wakafungua Park Place huko Portland, Oregon. Wazee waliitwa wapangaji, si wagonjwa. Kila mtu na mlango wake, na funguo yake.

Sasa, doo. Hata huko majuu, bima ya wazee ya serikali, Medicare, hailipi kodi ya makao kama hayo. Hapa Kenya, Inua Jamii inampa mzee wa miaka 70 kwenda juu shilingi 2,000 kwa mwezi. Katiba, Kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kutunzwa na familia pamoja na serikali, lakini bili ikikuja, ni nyinyi mtachanga.

Kwa hivyo kabla mlipe, tokea huko bila kupiga simu. Uliza: Usiku wanabaki wahudumu wangapi? Nani anaamua saa ya kulala? Anaweza kufunga mlango wake? Akizidiwa, anapelekwa hosi gani na nani analipa?

Na kabla ya hayo yote, kaa chini na mathe umuulize anataka nini. Kumtupa mzazi huanza pale mnapopanga maisha yake kwa WhatsApp group yenye yeye hayuko.