Katavi Hutazamwa Lini?

Mwalimu apangaye kuwapeleka wanafunzi wake katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi hujiuliza kwanza habari ya nauli. Ingefaa aanze na kalenda. Kutoka Mpanda mjini hadi Sitalike, penye lango la hifadhi, si safari ndefu. Lakini Katavi ya mwezi Machi na Katavi ya mwezi Septemba ni kama nchi mbili.

Sababu yake ni jua. Kaskazini mwa Tanzania mvua huja mara mbili kwa mwaka, vuli na masika. Katavi iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na huko ukanda wa mvua, ambao hulifuata jua liendapo kusini na kurudi, huleta msimu mmoja tu, tangu Novemba hadi Aprili. Wakati huo mbuga za Ziwa Katavi na Ziwa Chada hufurika, barabara hugeuka matope, nyasi hurefuka, na wanyama hutawanyika katika misitu ya miombo. Mpenda ndege atafurahi. Mtafuta tembo huenda akarudi na alama za mbung'o tu.

Kufikia Septemba na Oktoba, Mto Katuma hubaki vidimbwi, na viboko kwa mamia hubanana humo. Hawakusanyiki kwa kupendana. Ngozi ya kiboko hupoteza maji upesi mno, hata hawezi kushinda juani. Hula nyasi usiku na kurudi majini kunapokucha. Mamba nao hujificha katika mapango ya kingo za mto, wakingoja mvua. Ajabu ni kwamba miombo, kabla ya tone la kwanza, huwa imekwisha chipua majani mekundu.

Basi wakati mzuri kwa mgeni ndio mgumu kwa mnyama. Tena jua halina lawama peke yake. Huko mto utokako, nje ya hifadhi, maji ya Katuma huchepushwa kumwagilia mashamba ya mpunga, na katika miongo ya karibuni ukame wa mto umezidi. Mkulima naye ana watoto wa kulisha. Shauri hili si jepesi.

Kwa shule, chaguo langu ni Julai: barabara zimekauka, na mtoni maji yangalipo. Wanafunzi wasimame darajani Sitalike, wahesabu viboko, wachore mto uonekanavyo. Kundi jingine lije Oktoba na mchoro uo huo mkononi.