Salamu Hurudishwa

Makazi ya Mantapala, wilayani Nchelenge nchini Zambia, karibu na Ziwa Mweru, yalifunguliwa mwaka 2018 kwa wakimbizi wa Kongo, yakikusudiwa wakae pamoja na wenyeji. Mgeni asemaye Kiswahili na mwenyeji asemaye Kibemba huanza ujirani kwa salamu. Nasi tunaohamishwa kikazi tu wageni vivyo hivyo.

Jirani akikujulia hali leo, kesho mtangulie wewe. Akikuambia mtoto ana homa, rudi umwulize kama imeshuka. “Hujambo” ya kupita njiani haitoshi. Wala usimtembelee ili tu umdai naye aje: ahesabuye hatua hugeuza ujirani kuwa deni. Lakini asiyerudisha kabisa humwacha mgeni akidhani amekataliwa, naye hana kwingine pa kubisha hodi.