Benchi la Nyuma

Kigangoni kwetu, nje kidogo ya Tabora, wanaoitafuta imani huja jioni, kazi zikiisha. Mmoja alikuwa fundi baiskeli. Wiki 3 alikaa benchi la nyuma, mikono ina grisi, bila neno. Sikumharakisha. Siku moja akanisubiri mlangoni: "Katekista, Mungu anamsikia mtu ambaye hajabatizwa?" Nikamwambia anamsikia. Tukaanzia hapo, kwenye sala, kabla ya katekisimu.

Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, alitaka mtu aandaliwe miaka 4 kabla ya ubatizo. Naamini aliujua moyo wa mtu. Utaratibu wa kuwabatiza watu wazima uliotolewa Roma mwaka 1972 nao una hatua zake: kupokelewa, mafundisho, kuteuliwa mwanzoni mwa Kwaresima, kisha ubatizo Mkesha wa Pasaka. Lakini darasa peke yake halitoshi. Msimamizi wa ubatizo ndiye anayempeleka mgeni kwenye jumuiya ndogo ndogo, msibani, kwa wagonjwa, akaione imani inavyoishi.

Mkesha wake wa Pasaka ulipofika, fundi aliinamisha kichwa, maji yakamtiririka hadi kwenye kola. Akapewa mshumaa. Nta ikamdondokea kidoleni, naye akaendelea kuushika.