MOTOKARI ZISIZOCHOMEKWA UFUNGUO: MWIZI NJE, HATARI NDANI

Wafanyakazi wenzetu, na ninyi mama wa nyumba,

Wengi wetu hapa Kingi tunapanda moto ao tunakwenda kwa miguu. Lakini kati ya motokari zilizotumika zinazotoka Japani, nyingine hazina ufunguo wa kuchomeka. Shofere anauweka mfukoni, anashika mlango, unafunguka. Anabonyeza kifungo, injini inawaka. Wezi nao wameliona jambo hilo.

Ufunguo huo unasemezana na gari kwa mawimbi ya redio, kwa umbali wa hatua chache tu. Wezi wanakuja wawili. Mmoja anasimama karibu na ukuta wa nyumba na chombo kinachookota mawimbi ya ufunguo. Mwenzake yuko mlangoni pa gari na chombo cha pili. Gari inadanganyika kwamba mwenyewe amefika. Hakuna kioo kinachovunjwa, na injini ikiisha kuwaka haizimiki kwa sababu ufunguo umebaki mbali.

Kuna njia nyingine. Mwaka 2022, huko London, Ian Tabor, mchunguzi wa kompyuta za magari, alikuta bampa ya Toyota RAV4 yake imevutwa na nyaya za taa ya mbele zimechomolewa. Alifikiri ni uharibifu tu. Baadaye gari ikaibwa: wezi walikuwa wanapitia nyaya zile kuingia katika kompyuta yake. Basi shofere akikuta taa imelegea asubuhi, atoe habari siku ile ile.

Usiku, tia ufunguo, na ule wa akiba pia, ndani ya mkebe wa chuma wenye kifuniko kinachobana. Kisha jaribu: shika mkebe, simama karibu na gari, vuta mlango. Ukifunguka, mkebe haufai. Mkebe hauzuii mwizi wa nyaya. Kwa huyo ongeza chuma cha kufunga usukani. Ni kitu cha zamani, lakini mimi nakisifu kuliko vyote. Chombo cha kufuatilia gari nacho kinafaa: mwaka 2015 chombo cha namna hiyo ndani ya Lexus iliyoibwa Uingereza kiliongoza wapelelezi mpaka Kampala.

Ukisikia injini inawaka usiku, usitoke kupigana wala kusimama mbele ya gari. Mfupa wa paja ukivunjika ni miezi bila kazi. Angalia rangi, namba na upande ilikoelekea, uite walinzi. Namba ya shasi iandikwe nyumbani, si ndani ya gari.

Sasa neno la dispansari. Ndani ya ufunguo huo mna betri bapa, ya duara, kama kifungo cha koti. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaunguza nyama ndani ya saa 2, hata kama ni betri iliyochoka. Dalili ni mate mengi, kukataa chakula, kikohozi, ao hakuna dalili yoyote. Msimtapishe, msimpe chakula. Mtoto aliyepita mwaka mmoja na anayeweza kumeza, mpeni asali vijiko 2 vya chai kila dakika 10, mara 6 tu, mkiwa njiani. Asali haiondoi betri, inapunguza kuungua. Aliye chini ya mwaka asipewe asali.

Mkimbizeni hospitali yenye picha ya eksirei, hata usiku, na mlete ule ufunguo ao betri ya namna ile ile, tujue ukubwa wake.