Mpiga Udi Kwenda Chuo Kikuu Si Aibu

Wako wasemao barazani kwamba mpiga udi aliyekwisha kusifika maarusini hana haja ya kwenda chuo kikuu kusomea kanuni za muziki. Chuo, wasema, kitamfunza kuhesabu na kumsahaulisha kupiga. Mimi siafikiani nao, ingawa hofu yao ina asili.

Tumtazame Ali Jihad Racy, aliyezaliwa Lebanon mwaka 1943. Huyu ni fundi wa nai na buzuki aliyekwenda kusoma Marekani, na mwaka 1977 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Illinois. Alichunguza jinsi sahani za santuri zilivyougeuza muziki wa Misri baina ya 1904 na 1932. Ala hakuziweka chini. Alisomesha Los Angeles huku akipiga. Mwaka 2003 alitoa kitabu juu ya tarab, neno lile lile lililotupa sisi taarab. Humo ameieleza saltana, yaani hali ya mpigaji kutekwa na maqamu, ule mpango wa sauti unaojengewa wimbo, hata mkono ukawa kama waenda wenyewe. Asiyeionja hali hiyo angeielezaje?

Sasa ile hofu. Kinanda cha Kizungu hakina robo sauti. Mwaka 1932, katika mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu uliofanywa Cairo, wataalamu walibishana kama ngazi ya sauti igawanywe robo 24 zilizo sawasawa. Hawakuafikiana, kwani wako walioona kuwa vidole vya wapigaji haviendi kwa hesabu hiyo.

Lakini sisi washairi twajua. Waarabu walitunga kabla Khalil bin Ahmad, katika karne ya 8, hajaiweka ilmu ya arudhi. Arudhi haikuua ushairi. Ilimwonyesha mwanafunzi ni wapi ubeti wake umevunjika. Mimi mwenyewe nilizijua mizani kwa sikio kabla ya kujua kuzihesabu, na kuhesabu hakukunipunguzia kitu.

Wala elimu hii si ya Wazungu peke yao. Safiyuddin al-Urmawi, mpiga udi wa Baghdad katika karne ya 13, ndiye aliyeandika Kitab al-Adwar juu ya kanuni za sauti.

Wazee wetu wangapi wamezikwa na maqamu zao vidoleni? Basi kijana aliyepata nafasi na aende, ajifunze kuyaandika aliyopokea kwa ustadhi wake. Ila kinanda cha chuoni kisije kikamsahihisha sikio.