Kubadili jina la mtoa data hakutoshi

Majuzi nilitahini tasnifu kuhusu lugha ya maombolezo kwenye Facebook. Mtahiniwa alikuwa ameyaficha majina ya watoa data wake: Mama A, Mama B. Nikampongeza. Kisha nikachukua sentensi moja ya Mama B, jinsi ilivyonukuliwa, nikaitafuta kwenye Google. Papo hapo nikaona jina lake halisi, picha yake na ya marehemu mwanawe!

Sisi wanaisimu tumezoea kunukuu neno kwa neno, hata na makosa ya tahajia. Mtandaoni, nukuu ya aina hiyo humfichua mwenyewe. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hapa Kenya huulegezea utafiti masharti, mradi matokeo yasimtambulishe mhusika.

“Lakini Prof, si aliandika hadharani?” akauliza.

Kweli, ila aliwaandikia jamaa zake, wala hakujua kuna mtafiti anayesoma. Nikamtaka amwombe idhini, au aieleze kauli ile kwa maneno yake mwenyewe. Akalalamika kuwa uchanganuzi utapwaya. Utapwaya, sikatai. Hata hivyo, sikutia sahihi.